Kung'uta Tandiko, Kagua Watu Wako

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, vikubwa tunavyoviogopa na vidogo tusivyovitambua mpaka vimekwisha kutudhuru. Tunamshukuru kwa neema zake, tunamtaka msaada na tunamwomba msamaha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyetufundisha dini yetu mpaka adabu za kulala na kuamka, pamoja na Aali zake na Masahaba zake wote.

Ndugu zangu katika imani, nakuusieni pamoja na kuiusia nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu. Ucha Mungu hauachwi mlangoni mwa msikiti pamoja na viatu. Unaingia jikoni, unaingia zizini, unaingia mpaka chumba cha kulala. Leo naomba tuingie huko chumbani.

Imepokewa kwa Abu Huraira, Mwenyezi Mungu amwie radhi, katika vitabu vya Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliagiza mtu anapokiendea kitanda chake akikung'ute kwa upindo wa ndani wa shuka aliyojifunga, maana hajui ni kitu gani kimekuja hapo baada ya yeye kuondoka. Akishakung'uta, ndipo alaze ubavu wake kwa jina la Mola wake na kuomba dua ya kulala. Tazameni mpangilio huo, ndugu zangu. Mkono umetangulia, ulimi umefuata. Mtume, ambaye dua yake tunaiamini kuliko dua ya kiumbe yeyote, ameanza na kukung'uta, kisha akaomba.

Nasaha yangu ya Ijumaa hii ni hiyo hiyo: tukague, kisha tuombe. Na nitaipeleka pale inapotuuma sisi tunaoishi huku Kondoa, Dodoma, Singida na vijiji vyote vya nyumba za udongo na mifugo. Nitazungumza juu ya papasi na kupe, na juu ya watoto wetu na wake zetu wanaoumwa nao usiku na mchana huku sisi tumenyamaza.

Kupe tunamfahamu. Yuko majanini na kwenye miili ya ng'ombe, mbuzi na mbwa. Akimpata mtu humganda siku kadhaa akinyonya damu. Papasi ni mwingine. Huyu hakai porini, anakaa na sisi. Chukua taa usiku wa manane, uinamishe pale ukuta unapokutana na sakafu ya udongo, kando ya mguu wa kitanda, mahali ambapo udongo umebanduka. Utamwona akitoka ufani: rangi yake ni ya udongo wenyewe, ngozi yake ina makunyanzi, na akiwa na njaa amekaa bapa. Anapanda kwenye tandiko, ananyonya kwa muda usiofika hata saa moja, anavimba kama harage, kisha anarudi ufani kabla hakujapambazuka. Aliyeumwa mara nyingi hakusikia kitu. Asubuhi anaona alama ndogo mguuni, anajikuna, anaendelea na shughuli zake. Na papasi yule anaweza kukaa miaka humo ufani bila kula, akamsubiri mtu mwingine alale pale.

Katika mate yake, na katika maji yanayomtoka mwilini anaponyonya, mna vijidudu vinavyoleta homa ya papasi. Elimu hii haikupatikana bure. Mwaka 1905, daktari Joseph Everett Dutton alikuwa Kongo na mwenzake John Todd, wakiichunguza homa hiyo. Wote wawili waliugua. Dutton alifia Kasongo, katika nchi ya Maniema wanakozungumza Kiswahili kama sisi, na kijidudu kile kikapewa jina lake. Mwaka huohuo, Robert Koch, daktari wa Kijerumani, alikuwa katika nchi yetu hii wakati wa utawala wa Wajerumani. Aliwafuatilia papasi katika vituo vya njia za misafara, pale wapagazi walipokuwa wakilala, na akavikuta vijidudu mpaka ndani ya mayai yao. Maana yake ni kwamba papasi huwarithisha watoto wake ugonjwa huo. Nyumba ikishaingiwa na papasi wenye ugonjwa, kizazi kinakipokea kizazi, na wenye nyumba wanaugua baba, mwana na mjukuu.

Zaidi ya miaka 100 imepita tangu mambo hayo yajulikane. Mwenyezi Mungu akiwafunulia waja wake elimu, kisha sisi tukaiacha ipite huku watoto wetu wanatetemeka kwa homa, hiyo ni neema tumeipuuza, na kila neema tutaulizwa.

Ndugu zangu, isikieni vizuri homa hii ilivyo, kwa sababu wengi imetuhadaa. Wiki moja hivi baada ya kuumwa, mtu anashikwa na homa kali ya ghafla. Anatetemeka, kichwa kinampasuka, viungo vinamuuma, pengine anatapika. Inamshika siku tatu hivi. Kisha inakatika, jasho linamtoka, anajiona mzima, anasema alhamdulillahi na kurudi shambani. Baada ya siku saba hivi, inarudi. Inakatika tena, inarudi tena. Nyumbani tunasema malaria imekuwa sugu. Tunanunua dawa dukani, anameza, homa inakatika kwa sababu ilikuwa ikatike yenyewe, tunaisifu dawa. Na ikirudi tunanunua nyingine.

Sasa shikeni jambo hili. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu ya kidoleni, kinatafuta malaria peke yake. Papasi hakimjui. Kwa hiyo mgonjwa wako akiwa na homa inayokwenda na kurudi, na kipimo kikasema hana malaria, usitoke zahanati ukanyamaza. Mweleze mhudumu kwa adabu: homa hii inakatika na kurudi, nyumba yetu ni ya udongo na ina papasi, tunaomba damu iangaliwe kwa darubini. Na mpeleke wakati homa imempanda, maana hapo ndipo vijidudu vinapoonekana kwenye damu. Ugonjwa huu una dawa, dawa za antibayotiki zinazopatikana, na mtaalamu anajua ya kumpa mtu mzima, mjamzito na mtoto. Mgonjwa ameze dozi yake ya kwanza akiwa chini ya uangalizi, kwa kuwa saa chache baada ya dozi hiyo homa na mtetemeko vinaweza kupanda sana kabla ya kushuka. Anayetibiwa kwa kubahatisha nyumbani, akazidiwa usiku, nani atamsaidia?

Hapa nataka niseme na kina baba. Homa ya papasi inamwonea kila mtu, lakini mama mjamzito inamwonea zaidi. Inaharibu mimba, inaleta mtoto njiti, inaua kichanga katika siku zake za mwanzo. Fikirieni mwanamke aliyepoteza mimba ya kwanza, akapoteza ya pili, analala kila siku kwenye mkeka uliotandikwa kando ya ukuta wenye nyufa. Watu wanasemaje? Wanasema kuna jirani ana jicho baya. Wanasema wifi yake amemfanyia mambo. Wanakwenda kwa mganga, wanatajiwa jina, na tangu siku hiyo watu waliokuwa wakipeana chumvi hawasalimiani. Msibani hawaendeani. Watoto wao wanakatazwa kucheza pamoja. Naye papasi yuko ufani pale pale, usiku anatoka.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, kumdhania vibaya Muislamu mwenzako ni dhambi, na Qur'ani katika Suratul Hujurat imetuonya tujiepushe na dhana. Tumekusanya misiba miwili: ugonjwa haukutibiwa na udugu umekatwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kabla hujainua kidole kumwelekezea jirani, inua kwanza mkeka wako utazame chini yake. Na mama mjamzito akipata homa ya aina yoyote, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, wala asingoje kikao cha ukoo.

Tufanye nini basi? Wahenga walikwisha kusema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi huku maneno hayo tuyachukue kama yalivyo. Tuzibe nyufa. Mwenye uwezo asakafie chumba kwa saruji na apige lipu ukutani, hasa kile kimo cha chini kinachopakana na kitanda. Asiye na saruji ana udongo na ana mikono. Akandike upya, na azibe kila ufa unapofunguka, asingoje mpaka wageni wa harusi waje. Watu walale kitandani, kitanda kisogezwe mbali na ukuta, shuka na blanketi zisiburure chini. Chandarua chenye dawa, tulichozoea kukipigia hesabu ya mbu tu, kikichomekwa vizuri chini ya godoro pande zote, kinampunguza na papasi pia. Mikeka na magodoro yatolewe juani, yakung'utwe, pembe zake zikaguliwe. Kuku na mbuzi walale kwao. Chumba cha mtoto mchanga si banda.

Na misibani tuangalie. Watu wanakusanyika matanga, wanalala chini chumba kizima, kisha kila mmoja anakunja tandiko lake na kurudi kwake, na papasi naye anasafiri ndani ya mkunjo. Kung'uta tandiko kabla ya kulala, kama Mtume alivyoagiza. Na unapolifunga kwenda nalo kwako, likung'ute tena hapo nje.

Sasa tutoke chumbani twende machungani. Katika hadithi ya Ibn Umar iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametujulisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga, mwanamume kwa watu wa nyumba yake, mwanamke kwa nyumba ya mumewe na watoto wake. Sisi ni wafugaji, tunajua mchunga anafanya nini jioni. Anawahesabu wanyama wake mmoja mmoja, anamtazama huyu mguu, anamtazama yule sikio. Lakini kijana aliyewachunga wanyama hao kutwa nzima, akipita kwenye majani marefu na miguu mitupu, nani amemtazama sikio?

Imamu Malik katika Muwatta amepokea kwamba Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alionekana mahali paitwapo Suqya akimtoa kupe ngamia wake, naye yumo katika ihramu. Malik mwenyewe hakupenda jambo hilo lifanywe na aliyehirimia, na wanazuoni wana maneno yao juu ya hukumu hiyo. Mimi nataka tuione ile sura: Amirul Muuminina, mwenye dola kubwa, amemwinamia mnyama wake anamwondolea kupe kwa mkono wake. Ikiwa Umar alipata muda kwa ajili ya ngamia, baba gani hapa hana muda kwa ajili ya mwanawe?

Basi kila jioni mtoto anaporudi kutoka machungani, shambani au porini kuokota kuni, akaguliwe. Kupe hupenda mahali penye joto na penye kujificha: nyuma ya masikio, kisogoni penye nywele, makwapani, kiunoni penye mkanda wa nguo, kitovuni, kinenani, nyuma ya magoti, katikati ya vidole vya miguu. Mama awakague mabinti, baba awakague wavulana, kwa staha, na wakubwa wafundishwe kujikagua wenyewe wanapooga. Na kwa kuwa Ijumaa tuna josho la sunna, kuoga kwetu kwa ajili ya siku hii tukufu, tuifanye Ijumaa iwe siku ya kuwakagua watu wote wa nyumbani, hata bibi na babu ambao macho yao hayaoni vizuri na mikono haifiki mgongoni. Anayekwenda porini avae suruali ndefu na viatu vya kufunika, achomeke suruali ndani ya soksi. Majani yanayozunguka nyumba yafyekwe. Mbwa wa ulinzi naye atolewe kupe.

Ukimkuta kupe amemganda mtoto, tulia. Usimkwangue kwa kucha, usimpake mafuta ya taa, usimpake mafuta ya mgando ukingoja aachie. Chukua kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, pale mdomo wake ulipoingia, kisha mvute kwa kunyooka, polepole, bila kumzungusha na bila kumkatua. Kama kibano hakuna, funika vidole kwa kitambaa safi au karatasi, fanya vivyo hivyo. Usimpasue kwa vidole, damu yake ina madhara. Mwishowe osha mahali hapo na mikono yako kwa maji na sabuni, au upake spiriti. Kipande cha mdomo kikibaki na kikakataa kutoka, usichimbe kwa sindano. Paache, ngozi itakisukuma yenyewe, na pakivimba au kutunga usaha nenda zahanati.

Wako wanaomchoma kupe kwa njiti ya kibiriti au kwa sigara akiwa bado yumo mwilini mwa mtoto. Hilo lina makosa mawili. La kwanza, kupe akiunguzwa anaweza kutema zaidi kilichomo tumboni mwake ndani ya mwili wa mtoto, na ngozi ya mtoto nayo inaungua. La pili, Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipoona kichuguu cha sisimizi kimechomwa moto alikataza, akaeleza kwamba kuadhibu kwa moto si haki ya yeyote ila Mola wa moto. Afya na sheria zimekutana hapo, nasi hatuna udhuru.

Na ninawanasihi kwa msisitizo: dawa ya kuogeshea ng'ombe ni ya ng'ombe. Asipakwe mtoto kichwani, asiogeshwe nayo, hata kama amejaa kupe au chawa. Dawa hiyo inapenya ngozini na inaweza kumuua. Ihifadhiwe mbali na watoto, chupa yake tupu isitiwe maji ya kunywa. Ipelekwe inakostahili, kwenye josho, kwa kipimo alichoelekeza mtaalamu wa mifugo. Mifugo ikiogeshwa kwa wakati wake, ng'ombe wanapona ndigana kali, na kupe wanaomfuata mchungaji wanapungua. Mnyama asiye na ulimi wa kusema ana haki kwako, na ukimtimizia haki yake unawakinga na wanao.

Baada ya kumtoa kupe, kumbuka siku aliyotolewa, na umwangalie mtoto kwa wiki mbili tatu. Akipata homa, kichwa kikamuuma, mitoki ikavimba, au pale alipoumwa pakafanya kigaga cheusi, usiseme ni kijipu. Mpeleke kituo cha afya, na umwambie mhudumu: huyu aliumwa na kupe siku fulani. Neno hilo moja linaweza kumfikisha kwenye tiba iliyo sahihi siku hiyo hiyo.

Ndugu zangu, najua kuna atakayesema: sheikh, homa si inafuta dhambi? Ni kweli. Muslim amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza Ummu Saib kuitukana homa, akamfahamisha kwamba inawaondolea wanadamu makosa yao. Hiyo ni faraja ya aliyeugua, ili asikate tamaa na ulimi wake usiharibike. Lakini mabedui walipomuuliza Mtume huyo huyo kama wajitibu, aliwaambia ndiyo, wajitibu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea tiba, isipokuwa uzee. Mwenye kuyashika mafundisho haya mawili kwa pamoja anasubiri huku yuko njiani kwenda hospitali. Mwenye kulishika moja tu anamwacha mwanawe afe kitandani na kuiita hali hiyo kadari. Kadari ya Mungu imeleta papasi, na kadari hiyo hiyo imeleta udongo wa kuzibia ufa, chandarua, darubini na dawa.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili ni letu sote kama jamaa wa msikiti mmoja. Katika kijiji chetu wako wajane, wazee na mayatima ambao nyumba zao zimejaa nyufa, na hawana nguvu za kukandika wala fedha za saruji. Sadaka tumezoea kuiona katika mchele na sukari ya Ramadhani, na hiyo ni kheri kubwa. Lakini mfuko mmoja wa saruji kwenye chumba cha mjane, kitanda kimoja kwa yatima anayelala chini, chandarua kimoja kwa mama mjamzito asiye na mtu, navyo ni sadaka, na thawabu yake inaendelea kila usiku mtu yule anapolala salama. Vijana wetu wana nguvu. Jumamosi moja ya mwezi wachukue majembe na ndoo, waende nyumba kwa nyumba za wasiojiweza, wazibe nyufa. Watakuwa wameitafsiri khutba kwa udongo na jasho lao.

Basi leo tukitoka hapa, kila mwenye nyumba aingie chumbani kwake mchana huu wakati mwanga ungalipo. Ainue mkeka, asogeze kitanda, atazame chini ya ukuta, azibe atakachokiziba. Jioni awakague watoto wake. Usiku akung'ute tandiko, ataje jina la Mola wake, alale.

Ewe Mwenyezi Mungu, tuhifadhie wake zetu, waume zetu na watoto wetu. Wahifadhi wajawazito wetu na vilivyomo matumboni mwao. Waponye wagonjwa wetu, na uwape madaktari na wauguzi wetu uelewa na huruma. Tuondolee dhana mbaya baina yetu, na uwaunganishe waliokatana kwa sababu ya dhana hizo. Utuwafikishe kuziba nyufa za nyumba zetu na nyufa za nyoyo zetu, na utujaalie tuwe wachunga wema kwa uliotukabidhi, siku tutakayoulizwa tuwe na la kujibu. Amin. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Masahaba zake.